Kompyuta ya zamani, diski kubwa, na faili ambazo bado zipo

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Arua. Kompyuta yangu ni Pentium 4 yenye Windows XP, na siwezi kuiacha kwa sababu programu ya risiti za SACCO yetu na printa yake vinafanya kazi humo tu. Diski ya kwanza ilikuwa ya gigabaiti 40, ikajaa. Mwaka jana fundi aliniwekea ya gigabaiti 320 ambayo aliigawa kwenye kompyuta yake kwanza: C ikawa 40, D ikawa 258. XP aliiweka kwa CD yake ya zamani. Imefanya kazi vizuri mwaka mzima, na D ilikuwa imejaa kama theluthi tu. Wiki iliyopita nilinakili video za harusi ya mteja kwenye D, nikazifungua jioni zikacheza, nikazima mashine. Usiku umeme ulikatika. Asubuhi nawasha, kioo cheusi na maandishi meupe kwamba mfumo wa uendeshaji haupatikani. Mtoto wa dada yangu aliichomoa diski akaiunganisha na laptopu yake kwa kebo ya USB. Laptopu inasema diski haijulikani, inataka tubonyeze 'Initialize' na kuchagua MBR au GPT. Hatujabonyeza. Fundi wa jirani anasema partisheni zimekufa, tufomati tuanze upya, kwa kuwa mashine za zamani hazipatani na diski kubwa. Humo mna mikataba ya viwanja ya watu, hesabu za SACCO na picha za wateja. Nilidhani niko salama kwa sababu nilikuwa nikinakili mafaili ya C kwenye D. Je, yote yamekwenda? Na inawezekanaje diski ifanye kazi mwaka mzima kisha ife usiku mmoja?"

Dada, kabla ya maelezo yoyote: mmefanya vyema sana kutobonyeza. Fungeni lile dirisha kwa "Cancel", chomoeni diski, muiweke mahali pakavu ambapo hakuna atakayeichukua kuijaribu. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini sehemu kubwa ya D ipo kama ulivyoiacha, pamoja na zile nakala za C. Kilichoharibika ni mwanzo wa diski. Sababu yake naiona karibu wazi, kwani umeitaja mwenyewe uliposema D ilikuwa imejaa theluthi.

Ili tuelewane, tuanze na diski yenyewe. Ndani ya diski hamna C wala D. Mna sekta tu, vipande vya baiti 512 kila kimoja, vilivyopewa namba kuanzia sifuri na kuendelea. Diski yako ya gigabaiti 320 ina sekta zaidi ya milioni 625. C na D ni mipaka iliyoandikwa, na imeandikwa mahali padogo mno: kwenye sekta ya kwanza kabisa, namba sifuri, ambayo mafundi huiita MBR. Utaratibu huu ni wa mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10 na DOS 2.0 ikaja na uwezo wa kuigawa. Katika baiti zile 512, 446 za mwanzo ni kiprogramu cha kuanzishia kompyuta, 64 zinazofuata ni jedwali la partisheni, na mbili za mwisho ni alama ya uthibitisho ambayo fundi akiifungua kwa programu ya kusomea sekta ataiona kama 55 AA. Jedwali lina mistari minne ya baiti 16. Kila mstari unasema mambo machache: hii ni partisheni ya aina gani, inaanzia sekta ya ngapi, ina sekta ngapi, na kama ndiyo ya kuwashia. Basi. Hakuna jina la faili hata moja pale.

Wewe unachapa mikataba ya viwanja kila siku, kwa hiyo utanielewa haraka: karatasi ya mkataba ikiungua, kiwanja hakihami, na mihogo iliyopandwa humo haing'oki. Jedwali la partisheni ndiyo karatasi. Laptopu ya mpwa wako ilipoisoma sekta sifuri na kukosa ile 55 AA, ilihitimisha kwamba hii ni diski mpya isiyo na mmiliki, ikajitolea kuiandalia karatasi nyingine tupu. Haikukagua kama kuna kitu mbele. Windows haifanyi kazi hiyo.

Sasa ndani ya kila partisheni kuna jambo la pili, na hapa watu wengi huchanganya. Partisheni ni mpaka. Mfumo wa faili ni orodha iliyomo ndani ya mpaka huo, inayosema faili fulani jina lake ni hili, ukubwa wake huu, na vipande vyake viko sekta hizi na zile. Partisheni mbili zina orodha mbili tofauti, kila moja ndani ya eneo lake. Kwenye mashine za enzi ile utakutana na jamii mbili. Ya kwanza ni FAT, ya tangu siku za DOS. Hii huweka jedwali moja refu mwanzoni mwa partisheni, na jedwali hilo linafuatisha vipande vya kila faili kimoja baada ya kingine, kila kipande kikielekeza kwenye kinachofuata. FAT16 ya kawaida iliishia gigabaiti 2 kwa partisheni. FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, ikapanua mambo, lakini hadi leo haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Ndiyo maana flashi mpya yenye nafasi tele inakataa video ndefu.

Ya pili ni NTFS, iliyoanza na Windows NT mwaka 1993, na XP nyingi zimewekwa juu yake. Hii ina orodha kuu iitwayo MFT, ambapo kila faili ina ukurasa wake wa takriban kilobaiti moja. Ina pia kumbukumbu ya shughuli: kabla ya kubadilisha orodha, huandika kwanza inataka kubadilisha nini, ili umeme ukikatika katikati iweze kurudi nyuma au kumalizia. Hilo nalitaja kwa sababu ya umeme wako. Umeme kukatika ghafla unaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa, na kwenye FAT unaweza kuvuruga orodha yenyewe. Lakini wewe ulikuwa umeshazima mashine kwa utaratibu. Diski iliyozimwa haiandiki kitu. Ningekuwa wewe nisingemlaumu umeme kwa hili.

Tuje kwenye ile theluthi.

Kompyuta inapotaka sekta fulani, hutuma namba yake kwa diski. Kwenye diski za aina ya IDE za miaka ya tisini, zile za kebo pana bapa, nafasi ya kuandikia namba hiyo ilikuwa biti 28, yaani tarakimu 28 za sifuri au moja. Biti 28 zinatosha namba 268,435,456. Zidisha kwa baiti 512, unapata gigabaiti 137 kwa hesabu ya wauzaji, ambazo Windows huzionyesha kama 128 kwa kuwa yenyewe huhesabu kwa 1024 badala ya 1000. (Ni hesabu hiyohiyo inayofanya diski yako ya 320 isomeke 298, yaani 40 ya C na 258 ya D. Hakuna aliyekuibia.) Kiwango kipya cha biti 48 kilikuja na ATA-6 mwaka 2002. Windows XP ilikuwa imeshatoka Oktoba 2001, kwa hiyo XP ya kwanza kabisa haikukijua. Ilianza kukijua kwenye Service Pack 1, yaani furushi la kwanza la marekebisho yake, Septemba 2002.

Fundi wako aliigawa diski kwenye kompyuta yake, ambayo naamini ni mpya zaidi na inahesabu vizuri mpaka mwisho. Akachora C ya 40, akachora D ya 258, vyote sawasawa. Kisha diski ikaingia kwenye Pentium 4 na ikawekewa XP kwa "CD yake ya zamani". Kama CD ile haina Service Pack, XP hiyo ilikuwa ikifanya kazi juu ya diski ambayo haiwezi kuihesabu yote, bila yenyewe kujua. Chukua 128 utoe 40 za C: zinabaki 88. Gawanya 88 kwa 258: ni theluthi, na kidogo juu. Mwaka mzima ulikuwa unajaza sehemu ya D iliyo ndani ya mpaka wa biti 28. Video za harusi ndizo zilizouvuka.

Na mpaka ule ukivukwa, kompyuta haisimami wala haitoi onyo, na hilo ndilo linalonisikitisha kuhusu kosa la aina hii. Sekta namba 268,435,456 inahitaji biti ya 29. Nafasi yake haipo, kwa hiyo biti hiyo inadondoka, na kinachobaki katika zile 28 ni sifuri tupu. Diski inapokea amri: andika kwenye sekta sifuri. Inaandika. Sekta sifuri ndiyo yenye jedwali la partisheni. Kipande kinachofuata cha video kinakwenda sekta namba moja, kinachofuata namba mbili, na hivyo hivyo, video ya harusi ikisonga mbele juu ya mwanzo wa C.

Kwa nini basi video ilicheza jioni ile? Kwa sababu kusoma nako kulipitia kosa hilohilo. XP iliomba sekta iliyo juu ya mpaka, biti ikadondoka, diski ikasoma mwanzoni, na mwanzoni ndipo video ilipoandikwa. Kila kitu kikaonekana sawa. Na kompyuta iliendelea kufanya kazi kwa kuwa jedwali la partisheni husomwa wakati wa kuwasha, kisha hubaki kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta (RAM). Ulipoizima, ile nakala ya kwenye kumbukumbu ikatoweka. Asubuhi kompyuta ilikwenda kusoma sekta sifuri ikakuta kipande cha video. Kwa hiyo diski haikufa usiku ule. Iliumizwa mchana, ukiwa kazini, na wala haikuwa na namna ya kukuambia.

Fundi wa jirani ana ukweli kidogo, lakini ameukata kabla ya kuumaliza. Mashine za zamani zina mipaka ya kuhesabu, na huo wa 128 si wa pekee. Kulikuwa na wa megabaiti 504, ukaja wa gigabaiti 8.4, ukaja wa takriban 32 kwenye baadhi ya BIOS (programu ya kwenye bodi kuu inayoiwasha mashine), na hata leo jedwali la MBR lenyewe linaishia terabaiti 2 kwa sababu namba zake ni za biti 32. Diski ya terabaiti 3 ikiwekwa kwenye mfumo wa zamani hujitokeza mara nyingine kama ya gigabaiti 746, kwa sababu ya kukatika vilevile kwa namba. Lakini kutoka hapo kusema "partisheni zimekufa, fomati" ni kuruka hatua ambayo ingekugharimu kila kitu. Wapo wanaosema kufomati hakufuti, data hurudi tu. Kwenye XP kulikuwa na ukweli fulani: hata fomati ndefu ilikagua sekta mbovu bila kufuta yaliyomo. Kuanzia Windows Vista, fomati ndefu inaandika sifuri juu ya partisheni yote. Laptopu ya mpwa wako bila shaka ni ya baada ya Vista. Huko hakuna kurudi.

Jambo jingine nililazimika kulisoma mara mbili katika barua yako: nakala za C kwenye D. Safari hii zimekusaidia, na nafurahi kwa ajili yako, maana ni C iliyoumia na D ikabaki. Lakini C na D ziko kwenye mabati yaleyale yanayozunguka, chini ya kichwa kilekile cha kusomea, zinategemea bodi moja ya umeme. Bodi ikiungua, zote mbili zinazima kwa wakati mmoja. Nakala ni ile iliyo kwenye kifaa kingine, na ikiwezekana nyumba nyingine.

Kabla hujaendelea, hakikisha ninachokisema kinalingana na diski yako, maana nimeandika kutokana na maelezo tu. Itazame ile CD ya XP: kama imeandikwa SP2 au SP3 (Service Pack ya 2 au ya 3), maelezo yangu yanapungua nguvu na tutafute sababu nyingine, kwa mfano BIOS ya bodi kuu isiyojua biti 48. Kama aliyewahi kuiwasha kompyuta kwa CD hiyo aliona diski ikitajwa kuwa na karibu megabaiti 131,000 badala ya 305,000, hiyo ni dalili tosha. Kwenye laptopu, katika orodha ya diski, iangalie ile isiyojulikana inaonyesha ukubwa gani. Ikionyesha 298, diski yenyewe inajibu vizuri. Ikionyesha sifuri au namba ya ajabu, au ikijitokeza na kupotea, tatizo linaweza kuwa la kifaa.

Na sikiliza. Diski isiyo na hitilafu huzunguka kwa mvumo mmoja tulivu. Ukisikia tik-tik-tik ya kurudiarudia, au kukwaruza, zima mara moja na usiiwashe tena. Hapo kila dakika ya kuwaka inaweza kukwangua zaidi, na hakuna programu itakayokusaidia. Wala asije mtu akaifungua kwa bisibisi kwenye meza ya duka "aione". Vumbi moja linatosha kuiharibu.

Kama imetulia na inaonyesha 298, njia ya kuokoa ipo na haihitaji miujiza. Mtu anayejua kidogo Linux, mfumo wa uendeshaji wa bure, anaweza kuifanya, lakini kwa mpangilio. Kwanza, inatolewa nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine iliyo kubwa kuliko hii, kwa programu ya bure iitwayo ddrescue. Diski ya nje ya terabaiti moja inatosha. Hatua hii huchukua saa kadhaa na watu wengi huiruka kwa haraka. Usikubali irukwe. Ikishapatikana nakala, kazi yote iliyobaki inafanyika juu ya nakala, na diski yako inarudi kabatini.

Pili, nakala inafunguliwa kwa TestDisk, nayo ni ya bure. TestDisk hupita sekta zote ikitafuta mianzo ya mifumo ya faili. Mwanzo wa D uko gigabaiti 40 ndani ya diski, mbali kabisa na palipoandikwa juu, kwa hiyo natarajia itaupata. Kama fundi aliiweka D ndani ya partisheni panuzi, kama ilivyokuwa desturi enzi za XP, basi hata mstari unaoielezea D haukuwa sekta sifuri, ulikuwa hukohuko jirani na D yenyewe. TestDisk ikishaitaja partisheni, bonyeza herufi P na utaona orodha ya folda. Mkiona majina mnayoyajua, folda ya SACCO, folda ya mikataba, mnayachagua na kuyanakili kwa herufi C kwenda diski nyingine. Msiguse amri ya "Write". Huhitaji kulirudisha jedwali, unahitaji faili zako.

Nikuambie pia kitakachokushtua, ili usikate tamaa ukikiona. Mafaili mengi ya D yatafunguka vizuri. Video za harusi, na chochote ulichoandika baada yake siku ile, yataonekana kwa jina na ukubwa kamili lakini hayatacheza. Kompyuta mpya inahesabu sawasawa: orodha ya D inasema video iko juu ya mpaka, inakwenda juu ya mpaka, na huko haikuta kitu cha maana, kwa kuwa video iliandikwa mwanzoni mwa diski. Inawezekana kuichimbua kutoka mwanzoni kwa PhotoRec, ambayo hutambua faili kwa umbo la yaliyomo bila kujali majina. Kwa video kubwa mara nyingi vinatoka vipande. Mpigie mteja kwanza, muulize kama kadi ya kamera au flashi aliyokuletea bado anayo.

C ni habari nyingine. Itategemea video zilisonga umbali gani. XP yenyewe na programu vimeharibika, hivyo huwekwa upya. Kama ilikuwa na hati ambazo hukuwahi kuzinakili kwenye D, orodha yake kuu huwa kwa kawaida kama gigabaiti 3 kutoka mwanzo wa partisheni, na video za harusi hufika hapo bila shida. Bila orodha, hati zinaweza kupatikana kwa PhotoRec, zikija bila majina, mamia kwa mamia, na mtu akae kuzifungua moja moja. Kwa daftari la SACCO ningesema kazi hiyo inafaa. Kwa barua za kuomba kazi ulizochapia watu miaka mitatu iliyopita, sidhani.

Mambo mawili yasifanyike kabisa. Msiirudishe diski hii kwenye Pentium 4 na kuiwasha kwa CD ya XP ili "kurekebisha". Mashine ileile yenye kosa lilelile itaandika tena mahali pasipo pake. Na ile amri ya fixmbr ambayo mafundi hupenda huandika upya kiprogramu cha kuanzishia, haiwezi kukuletea mistari ya jedwali iliyofutika. Pili, msikimbize CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua mfumo wa faili, juu ya partisheni yoyote iliyopatikana kabla hamjatoa mafaili. Kazi yake ni kuifanya orodha ikubaliane na nafsi yake, na ikiona mstari usioeleweka huweza kuukata. Inaokoa partisheni hata ikibidi ipoteze faili.

Lini umpelekee mtaalamu ana kwa ana? Ukisikia sauti niliyotaja, au laptopu isipoonyesha 298, au ddrescue ikiripoti sekta nyingi zisizosomeka, acha. Hapo tafuta wanaofanya kazi ya kuokoa data Kampala, na uwape diski ikiwa haijachezewa. Nje ya hali hizo, fundi makini wa Arua anaweza kuimaliza. Muulize maswali mawili kabla hujamwachia: utaanza kwa kutoa nakala ya diski nzima? Na faili utakazookoa utaziweka kwenye diski ipi? Akijibu kwamba atazirudisha kwenye diski hiihii, chukua diski yako uende.

Pia kaa naye anapofanya kazi, au mwandikishiane. Humo mna vitambulisho vya watu, bei za viwanja vyao, na akiba zao za SACCO. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde, na wewe ndiye uliyezihifadhi. Nakala aliyoifanyia kazi ifutwe mbele yako mkishamaliza, na viongozi wa SACCO waambiwe leo kilichotokea. Wasije wakasikia kwa mwingine.

Kuhusu Pentium 4, naelewa kwa nini huiachi, na sitakushinikiza. Printa na programu vikifanya kazi humo, viache humo. Lakini ipe diski ambayo mashine inaweza kuihesabu yote: ile ya zamani ya gigabaiti 40 kama bado nzima, au yoyote ya 80 au 120. Njia ya pili ni XP yenye Service Pack 3 pamoja na BIOS inayojua biti 48. Inafanya kazi, lakini ni lazima vyote viwili vihakikishwe, kwa kuwa BIOS huiwasha mashine na baadaye Windows huisimamia diski yenyewe. Ikikosea mmoja, umerudi ulipokuwa. Mimi ningechagua diski ndogo. Mashine ya kutoa risiti haina haja ya gigabaiti 320.

Video, picha na mikataba viende kwenye kompyuta nyingine, hata iwe laptopu ya mitumba, na XP isiunganishwe na intaneti, kwani Microsoft iliacha kuitengenezea marekebisho ya usalama tangu Aprili 2014. Kila Ijumaa jioni kabla ya kufunga duka, nakili folda ya SACCO kwenye flashi mbili. Moja ibaki dukani, nyingine aondoke nayo mweka hazina.

Mkishafungua TestDisk na kuiona orodha ya partisheni, nitumieni picha ya kioo kabla ya kubonyeza chochote kinachofuata. Nitaiangalia nanyi.